Harusi Bado Haijaisha

Ukitaka kujua nani kapata viza na nani kaikosa, usimtazame usoni. Mtazame mikononi. Bi Sau, muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la ubalozi mdogo wa Wamarekani pale Saigon, Vietnam, ndiye aliyemfundisha Diep jambo hilo asubuhi ile huku akimpondea barafu ya kahawa.

"Wakikupa viza, pasipoti wanabaki nayo. Unatoka mikono mitupu," alisema. "Ukitoka nayo mkononi, basi tena, mwanangu, rudi kwenu ukavue kamba. Ucheke, ujichekeshe, sisi huku tumeshakuona."

"Shangazi, usimtie mkosi mwenzio," Khoa akasema.

"Mkosi? Mimi nauza kahawa. Mkosi wanaugawa wao, kule ndani, tena bure."

Khoa ndiye mume wa Diep, fundi wa viyoyozi wa mjini Houston, aliyeomba ruhusa kazini akavuka bahari nzima kuja kukaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, maana mume haingii na mkewe mle ndani kwenye mahojiano ya viza. Ndoa yao ilikuwa na miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili siku walizolala chumba kimoja ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Khoa alikuwa anatikisa goti bila kukoma. Diep alimwekea mkono gotini.

Pembeni yao alikaa mama yake Diep, mkoba mapajani, kahawa yake haijaguswa. Kijijini kwao Ben Tre watu walikuwa wanasema yule mama ana jiwe kifuani. Alimzika mumewe bila kudondosha hata chozi moja, na majirani, ambao midomo yao haina likizo, wakashonea maneno yao hapo hapo: alikuwa hampendi, alikuwa anamsubiri afe.

Ukweli wenyewe Diep alikuwa anaujua. Khoa alikuja kutoa posa, na wakati huo baba mgonjwa, lakini anaongea, anakula uji, anamtania mkwe wake kwamba Marekani imemfanya ashike vijiti vya kulia kama mtoto. Siku ya tatu alfajiri baba akakata roho. Kwao, baba akifa, watoto wakishafunga vitambaa vyeupe vya msiba kichwani, hakuna kuoa wala kuolewa mpaka miaka mitatu ipite. Njia ni moja tu: kuwahi. Harusi ifungwe kabla msiba haujatangazwa, marehemu akiwa bado anahesabiwa kuwa amelala. Basi mama akamfunika mumewe vizuri, akafuta uso, akawatokea watu wa nyumbani.

"Hakuna kulia," alisema. "Atakayelia namtoa nje. Hakuna kulia mpaka bibi harusi afike kwa mumewe."

Diep akavishwa ao dai, kanzu ndefu ya harusi, nyekundu, ya binamu yake, kubwa kwake, imeshikizwa na pini mgongoni. Akasimama na Khoa mbele ya madhabahu ya mababu, wakachoma udi, wakainama. Binamu mmoja akapiga picha, moja tu, mama akamkataza ya pili. Jioni wazee wakasema haya, imetosha, harusi imeisha, fungeni vitambaa. Nyumba nzima ikaangua kilio. Diep alilia mpaka sauti ikakauka. Mama hakulia. "Harusi bado haijaisha," alisema. "Bibi harusi si huyu hapa kwangu?" Watu wakatazamana. Khoa akarudi Houston kazini, Diep akabaki, na mama akaendelea hivyo hivyo, macho makavu, mwaka wa kwanza na wa pili.

Yote hayo yalikuwa ya kweli kabisa, na bado Diep alikuwa anaogopa, kwa sababu ya albamu iliyokuwa ndani ya bahasha yake.

Albamu ilikuwa akili ya Mama mdogo Ut, mdogo wake mama, mwanamke wa mjini anayejua kila kitu na asiyeulizwa. "Hiyo picha yenu moja mkiipeleka ubalozini mmekwisha," alimwambia Diep. "Bibi harusi kavimba macho, bwana harusi kama anasubiri kung'olewa jino. Hiyo ni harusi au matanga? Wamarekani wanataka keki, mwanangu! Wanataka meno!" Khoa alipokuja likizo ya Tet, mwaka mpya wa kwao, Mama mdogo akawakodia ukumbi Saigon, gauni jeupe, keki ya ghorofa tano ambayo nne zake ni za boksi, na wageni. Naam, wageni wa kukodi. Wapo, wanajua kucheka, wanajua kugonga glasi. Diep akakibandua kile kitambaa kidogo cheusi cha msiba alichokuwa akikibana kifuani kila siku, akakitia mfukoni, akatoa meno. Mama aliambiwa wameenda kupima afya.

Walipoita namba yake, Diep alinyanyuka. Mama akamwangalia toka juu hadi chini, akamnyooshea kola.

"Sema kweli," alisema. "Kweli haikosi pa kusimama."

Laiti angejua.

Ndani, afisa alikuwa kijana mwenye nywele za rangi ya mahindi, nyuma ya kioo, Kivietnam chake cha darasani lakini kimenyooka. Akamwapisha. Akauliza Khoa anafanya kazi gani, anakaa na nani, anapenda kula nini. Diep akajibu. Anakoroma? Anakoroma, tena anakataa. Afisa akatabasamu kidogo, na Diep akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kisha akafungua albamu. Akafunua polepole, ukurasa, ukurasa, akasimama. Akarudi nyuma ukurasa mmoja.

"Mzee huyu ni nani?"

"Ni baba mdogo."

"Mdogo wake nani?"

"Wa... wa baba."

Afisa akamwita mwenzake wa dirisha la jirani. Wakainama pamoja juu ya picha. Yule mwenzake akaondoka ameziba mdomo, na Diep hakujua kama anakohoa au anacheka.

"Ajabu," afisa akasema. "Mwezi uliopita mzee huyu alikuwa babu wa bwana harusi mmoja wa Can Tho. Tai ni hii hii." Akafunua tena. "Mama yako yuko wapi humu ndani?"

"Hayumo," Diep akasema.

"Baba yako?"

"Alishafariki."

"Lini?"

Akaitaja siku. Afisa akatazama makaratasi yake, akatazama tena, na lile tabasamu la mwanzo likawa halipo kabisa.

"Hiyo ndiyo siku uliyoandika kuwa ya harusi. Baba kafa, ninyi mnakata keki?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Diep ilikuwa imeishia pale pale kwenye kioo. Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Hiyo si harusi," alisema. "Ni mchezo. Tuliambiwa mnataka meno. Harusi yangu haikuwa na keki, ilikuwa na maiti. Ilibidi tuwahi kabla ya kufunga vitambaa. Picha ipo moja tu, na iko kwa mama."

Maneno yalikuwa yanatoka yakigongana. Afisa alimwacha amalize. Kisha akasukuma pasipoti na albamu, vyote viwili, vikapita chini ya kioo.

"Sikiliza vizuri. Nikiandika kwenye kompyuta hii kwamba umedanganya, mlango wa Marekani unafungwa kwako mpaka kufa. Sijaandika bado. Saa nane nafungua tena dirisha. Niletee harusi yenyewe."

Diep alitoka nje na pasipoti mkononi.

Ng'ambo ya barabara Bi Sau akaacha kuponda barafu. Watu wote wa viti vya plastiki wakageuza shingo kutazama pembeni, kwa heshima, kama wanavyofanya jeneza likipita. Khoa alikuja mbio katikati ya pikipiki bila kutazama kushoto wala kulia.

"Wamekataa?"

"Bado. Niache niseme na mama."

Akachuchumaa mbele ya mama yake. Alitamani ardhi ipasuke. Akamweleza yote: ukumbi, gauni, keki ya boksi, mzee wa kukodi na tai yake. Hakuthubutu kuinua macho. Aliutazama mkoba.

"Kitambaa cheusi ulikivua?" mama akauliza.

"Nilikivua, Mama."

Mama akamtandika kofi la bega, zito, mpaka kahawa ikamwagika mezani. Khoa akasogea. "Mama, kosa ni langu, mimi ndiye..."

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja. Na yule Ut, nikimshika, atanieleza." Akavuta pumzi. "Na kula ulikula?"

"Nini?"

"Kwenye hiyo harusi yenu ya kukodi. Ulikula?"

"Sikula. Hakikupita kooni."

"Mjinga. Watu baki wanashiba, wewe unakaa na njaa." Mdomo ulikuwa unamcheza. "Aibu ya mwili hiyo, Diep. Baba yako hajatimiza miaka mitatu kaburini, na wewe unanunua watu wa kukuchekea."

"Nilitaka kufika kwa mume wangu, Mama. Niliogopa nitazeekea pale nyumbani na wewe unanisubiri."

Mama akafungua mkoba, akatoa leso, akaifunua. Picha ilikuwa ndani. Diep hakuwa ameitazama tangu siku ile, maana kila akijaribu ilimchoma. Akaiona sasa: yeye na macho yake yaliyovimba, Khoa amekaza taya, moshi wa udi. Na nyuma yao mlango wa chumba cha ndani, wazi. Ndani ya mlango, ncha ya kitanda, na miguu miwili imevaa soksi mpya.

"Mama. Mlango ulikuwa wazi."

"Niliufungua mimi. Binti yake anaolewa, yeye afungiwe chumbani kama mgonjwa wa ndui?"

"Na soksi?"

"Kuna wageni," mama akasema. "Akae miguu mitupu?"

Diep aliibana picha kifuani na kurudi langoni.

Saa nane dirisha lilifunguliwa. Afisa aliishika ile picha kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye taa. Nyuma ya Diep mtoto wa mtu alikuwa analia, mama yake anambembeleza, na Diep alikuwa anajiambia moyoni: usiseme neno, usiongeze neno, yaliyokwisha kukuponza ni maneno.

"Hii miguu ni ya nani?"

"Ya baba yangu. Hapo ameshakufa. Tangu alfajiri."

"Mbona hakuna anayelia?"

"Hairuhusiwi. Mpaka bibi harusi afike kwa mumewe."

Afisa akainua macho.

"Na wewe umeshafika?"

"Bado," Diep akasema. "Niko hapa dirishani kwako."

Afisa akageukia kompyuta akaanza kuandika. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Diep alitazama vidole vyake akijaribu kukisia ni neno lipi, na hakuweza. Kisha kijana akanyoosha mkono.

"Pasipoti."

Akaitia kwenye kisanduku kilichokuwa pembeni yake, juu ya nyingine. Ile picha akaipitisha chini ya kioo, taratibu, uso juu.

"Hii kaa nayo wewe," alisema. "Viza itakuja kwa posta. Na ile albamu, dada, kaichome."

Diep hakukumbuka alivyofika langoni. Alichokumbuka ni sauti ya Bi Sau ikipasua barabara nzima: "Mitupu! Mikono mitupu, jamani! Kabeba picha tu!" Watu wasiomjua wakapiga makofi. Khoa alimkumbatia akamnyanyua, akawa anacheka na kusema mambo ya tiketi na baridi ya kiyoyozi cha chumbani, hata yeye mwenyewe hajui anasema nini.

Mama hakunyanyuka. Aliingoja mikono ya binti yake imfikie, akaishika, akaigeuza huku na huku, kama anayekagua iwapo imeoshwa.

"Pasipoti?"

"Wamebaki nayo."

"Kwa hiyo unakwenda."

"Nakwenda, Mama. Nakwenda kwa mume wangu."

Mama akaichukua ile picha. Akaifunga kwenye leso, akaitia mkobani, akaubana mkoba, akauweka chini, safi, mbali na kahawa iliyomwagika.

"Basi imeisha," alisema.

Akafunika uso kwa viganja na kuangua kilio. Hakikuwa kile cha furaha kinachofutwa kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kilio cha msibani, cha kuita jina la mtu, mchana kweupe, kando ya barabara, pikipiki zikipunguza mwendo kumtazama. Bi Sau akaja mbio na bilauri ya maji.

"Bibi, si amepata? Mbona sasa ndiyo unalia?"

"Mwache, shangazi," Diep akasema. "Anamlilia baba."