Bamba Lililoamkia Watu

Jana mchana, tumbo likiwa limeshiba ugali, Milembe Lugata aliota amesimama mbele ya kamati ya karakana, na mwenyekiti wa kamati ni reli.

Milembe ni mhandisi wa mabehewa ya mizigo pale Tabora. Kwa miezi mitano alikuwa akichora behewa jipya la nafaka, la chuma chembamba chenye nguvu kupita kile kinene cha zamani. Saa tisa alasiri hiyo kamati ingeamua kama bamba la kwanza likatwe, au michoro irudi kabatini. Wote walijua kamati ingemsikiliza Mzee Nkwabi, fundi mkuu wa kuchomelea, na Mzee Nkwabi alikwisha sema lake. Ujanani aliona sakafu ya behewa ikipasuka, rafiki yake akapoteza mguu. Tangu hapo, chuma chembamba kwake ni bati la kuezekea. Milembe hakuwa amepata usingizi wa maana kwa siku tatu, na alipoketi ofisini na mzee huyo kusubiri saa tisa, ukamchukua.

Basi, reli ilikuwa imelala juu ya meza, kutoka ukuta huu hadi ule. Ikamuuliza behewa lake tupu lina uzito gani.

Milembe akasema ni tani kumi na saba, na la zamani ni ishirini na mbili.

"Hizo tano zimekwenda wapi?"

Akajibu kama alivyoandika kwenye ripoti, kwamba kila kilo inayotoka kwenye behewa inarudi kama mzigo.

"Ziite," reli ikasema.

Kilo elfu tano zinateremka kutoka kwenye behewa la zamani, kila moja na kifurushi chake, zinapanga mstari. Nyingine zimekaa mle miaka arobaini na hazijawahi kuambiwa kazi yake. Moja inauliza zikitoka hapo zitakuwa nini. Milembe anasema mahindi. Zinashauriana. Chache zinaomba kuwa alizeti, kwa sababu za kifamilia, naye anakubali. Kisha zote zinapanda behewa jipya upande wa pili, sasa zikiwa magunia.

Reli ikasikiliza mgongo wake. "Sioni tofauti," ikasema, na ilionekana kuridhika.

Hapo chumba cha kamati kikawa jukwaa la stesheni, na Mzee Nkwabi ameketi kwenye kiti cha abiria, amevaa miwani yake ya kuchomelea. Alisema hana ugomvi na uzito. Shida yake ni kwamba chuma huchoka. Hakichoki leo wala kesho. Kinachoka baada ya kupinda mara milioni mbili. Kwa hiyo kila bamba lije limwamkie mara milioni mbili, likiwa na mzigo mgongoni.

Likatangulia bamba nene, taratibu, kama mtu mwenye wajukuu. Likapiga goti. "Shikamoo, mzee." Mzee Nkwabi akaitikia, marahaba. Bamba halikuinuka. Likasema pale chini panatosha, mgongo umeshakaa hivyo.

Likaja jembamba. Likapiga goti na mzigo ule ule, likaamkia, likaitikiwa, likainuka limenyooka kama mwanzi. Likapiga goti tena.

Mzee Nkwabi ni mtu wa adabu, haachi salamu njiani. Anaitikia kila moja. Jukwaa linaanza kwenda. Wanapita Igalula, wanapita Malongwe, jua linachoma, mvua inanyesha, bamba linapiga goti na kuinuka. Itigi wanafika milioni moja. Milembe amelichora kwa miezi mitano lakini hajawahi kuliona likiinuka, na sasa machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono wa shati ili yasiharibu hesabu.

Baada ya Manyoni, zikiwa zimebaki salamu mbili, bamba likasita.

"Dada Milembe," likasema, "umenikata kona kali pale mlangoni. Nguvu zote zinasongamana hapo kama watu wanaotoka msibani kwa mlango mmoja. Nizungushie iwe mviringo."

Milembe akatafuta penseli, akakosa. Akaizungusha kona kwa kidole, nayo ikakubali.

"Na fundi asinichome sana," likaendelea. "Moto ukizidi nasahau nilivyolelewa."

Mzee Nkwabi akavua miwani. Akaligusa bamba kwa nyuma ya kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akasema, "Malizia, mwanangu. Nakusikiliza."

Likamalizia mbili zilizobaki.

Milembe alipoamka, mhudumu alikuwa mlangoni akiwaambia saa tisa imefika. Mzee Nkwabi alikuwa kwenye benchi ng'ambo ya meza, naye ndiyo kwanza anajinyoosha. Alivuta mchoro uliokuwa mezani, akachukua penseli, akazizungusha kona za mlango wa behewa, polepole, zote nne.

Kwenye kamati, mwenyekiti, ambaye ni mtu wa kawaida mwenye tai, alimpa nafasi ya kwanza. Mzee akasimama. Wote walisogeza viti ili wamsikie, maana sauti yake, iliyozoea kupita juu ya mashine za karakana nzima, ilikuwa imekauka kabisa. Alinong'ona kwamba yeye mwenyewe atalichomelea lile bamba, na kwa moto mdogo. Milembe aliinamisha uso juu ya makaratasi yake ili wasimwone.

Bamba la kwanza lilikatwa jioni ile ile. Lakini kabla ya hapo, mwenyekiti alimuuliza Mzee Nkwabi kama anaumwa koo.

Akasema haumwi, ameitikia tu salamu nyingi tangu saa nane.