Dari la Wodi ya Watoto

Mchoraji alipoitwa kupamba wodi ya watoto, muuguzi mkuu alimwonyesha ukuta mpana mkabala na mlango. Yeye hata hakuutazama. Alijilaza chali kwenye kitanda kitupu, akalikodolea macho dari.

"Mwanangu, umechoka au unaumwa?" muuguzi akauliza.

"Nitachora huku juu, mama."

"Juu? Nani ataona, mijusi?"

Mchoraji akacheka, kisha akamweleza. Utotoni alivunjika nyonga, akafungwa plasta kuanzia kiunoni hadi miguuni, akalala chali hospitalini kwa miezi. Maua yaliyochorwa ukutani yaliwafaidisha wageni. Yeye aliona dari tu, tena lenye nyufa. Mama yake alipokuja kumwona, walikuwa wakigeuza kila ufa kuwa mnyama. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuchora, kabla hata hajashika brashi.

Muuguzi alishusha pumzi. "Haya, leta ngazi."

Mchoraji alichora huku shingo ikimuuma na rangi ikimdondokea usoni: twiga aliyevaa soksi, kiboko aliyekwama dirishani, ndege chungu nzima. Siku ya ufunguzi wakubwa waliingia na suti zao, wakautafuta mchoro ukutani, wakaduwaa. Binti mmoja aliyefungwa plasta akawaonea huruma.

"Jamani, mnatazama wapi? Juu!"

Vichwa vyote vikainuka. Kitanda cha pili kikadai twiga ni wake, cha tatu kikabisha, na wodi nzima ikawa kelele na vicheko. Mchoraji alisimama katikati yao, machozi yakimtiririka, akicheka kwa sauti kuliko wote.