Mashine ya Siri ya Dada Nati

Katika mtaa wa mafundi, mlango uliofungwa mchana ulikuwa na maana mbili tu: mwenyewe anaumwa, au ametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo Dada Nati alipojifungia karakanani mwake, majirani walianza kuweka sura za msiba.

Dada Nati alikuwa buheri wa afya. Alikuwa akificha mashine yake ya kupukuchua mahindi, asije mtu akaiiga. Mchana huo msimamizi wa ghala la nafaka angekuja kuiona. Ikimpendeza, Dada Nati angeacha kuziba masufuria na kuwa mtengeneza mashine mwenye heshima zake. Tatizo lilikuwa dogo tu: mashine haikupukuchua. Ilitafuna magunzi na kutema punje ukutani kama iliyotukanwa.

"Nati, mwanangu, u hai?" mshona viatu aliita mlangoni.

Dada Nati akanyamaza. Kosa kubwa.

"Hajibu! Ndiyo basi tena," mchomeleaji alisema kwa majonzi, akaenda kuleta mtaimbo.

Mlango ukang'oka. Wakamkuta marehemu amesimama, spana mkononi, punje kichwani.

"Mmelogwa nyie? Mlango wangu!"

Nani amsikilize? Macho yote yalikuwa kwenye mashine.

"Mnyororo umelegea," alisema fundi baiskeli, tayari amepiga magoti. "Baiskeli ya namna hii hata bibi yangu angeikataa."

"Na meno makali mno," mchomeleaji alidakia. "Unapukuchua au unachinja?"

"Kelele! Hapa panataka kipande cha tairi, kibane gunzi taratibu," alisema mshona viatu, kisu chake kikikata raba.

Dada Nati alitaka kuwafukuza wote. Mkono wake, msaliti mkubwa, ukampa fundi baiskeli spana.

Msimamizi alipofika, punje zilikuwa zikimiminika ndooni, na magunzi yakitokea upande wa pili yakiwa uchi kabisa.

"Nani kaitengeneza?"

Mikono yote ikainuka, hata wa mpita njia mmoja.

"Ikiharibika, nimfuate nani?"

Mikono ikashuka kwa nidhamu ya ajabu. Mchomeleaji alidai alikuwa anajikuna. Ukabaki mmoja tu, wenye grisi hadi kiwikoni.

"Mimi," alisema Dada Nati.

"Vizuri. Nataka kumi kabla ya mavuno."

Kumi! Dada Nati akageuka, akawaona majirani wakiondoka kinyumenyume.

"Mnakwenda wapi, wapenzi wangu?" aliuliza kwa upole wa kutisha. "Nani anaanza na minyororo?"

"Mimi," fundi baiskeli aliguna. "Lakini chai juu yako."

Dada Nati akabandika birika kubwa.