Tulipu za Jikoni Kwangu

Mimi kukaa kitako sijui, na siku ile ndiyo kabisa. Tangu asubuhi nilikuwa nimepiga deki mara mbili, nimekunja nguo zilizokwisha kukunjwa, na chai nimeitia chumvi. Bustani kuu ya jiji ilikuwa imefunguliwa kwa majira ya kuchipua. Mume wangu ni mtunza maua pale, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mwaka huo nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kuyaona maua yake.

Sababu yenyewe hii hapa, niiseme tu. Tulipu, maua yale yenye umbo la kikombe, hazipandwi kwa mbegu, hupandwa vitunguu vyake vya ardhini, miezi mitano kabla ya kuchanua. Ghala la bustani lilikuwa linavuja, vitunguu vingeoza, basi mume wangu akavileta nyumbani kwa siri vikauke jikoni: beseni moja vya nyeupe, beseni moja vya nyekundu, kila beseni na kikaratasi chake. Sheria ya pale inakataza hata kitunguu kimoja kutoka getini. Mimi nami, katika kufagia kwangu kwa fujo, nikayahamisha mabeseni, vikaratasi vikaanguka. Vitunguu vyenyewe vinafanana, hakuna jicho la kuvitofautisha. Nikavirudisha vikaratasi kwa kubahatisha, nikanyamaza, naye akavirudisha vitunguu bustanini vikapandwa. Miezi mitano nimelala na jambo hilo, nikigeuka huku na huku.

Duara kubwa la mbele lilitakiwa liwe jeupe tupu, la kuwakumbuka wafanyakazi wa jiji waliofariki mwaka ule. Nyekundu zilitakiwa zikae kule nyuma, karibu na bwawa.

Lakini kukaa nyumbani kulinishinda, nikaenda, nikaingia getini roho juu. Loo! Duara lote jekundu, jekundu la kupiga kelele. Lakini watu, jamani, walikuwa wanacheka, wanapiga picha, bi harusi mmoja anarushiwa shela lake ili lipepee vizuri. Hakuna aliyenuna wala kulalamika. Nikapumua. Nikajiambia, mwanamke wewe, miezi yote hiyo umejitesa bure.

Mume wangu nikamkuta nyuma ya banda la vioo, anavuta mpira wa kumwagilia peke yake. Hapo nikashangaa, maana kumwagilia si kazi yake. Ni kazi ya mwenzake, rafiki yake tangu siku ya kwanza kazini, ambaye sote tulimwita Bwana Mpira. Kila akija kwetu huanzia mlangoni: "Shemeji, leo umeunguza nini?"

"Bwana Mpira yuko wapi?" nikauliza.

"Hayupo."

"Anaumwa?"

Akaendelea kumwagilia palepale mpaka maji yakatuama. "Ameachishwa kazi. Ijumaa. Kwa sababu ya lile duara. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa ghala."

"Na nani kasema ni yeye aliyechanganya?"

Akauvuta mpira mpaka tuta la pili.

"Nakuuliza wewe! Nani kasema?"

"Mimi."

Nikamshika mkono, nikayatapika yote palepale: kufagia, mabeseni, vikaratasi, kubahatisha. Nililia hadharani, watu wakageuka. Nikamwomba anisamehe, nikamwambia twende tukamrudishe mwenzake, kosa ni langu, yule mtu hana hatia hata chembe.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonikata maini. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye suruali, mmoja mmoja.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu machipukizi yalipoonyesha rangi. Ghalani vilitoka sawasawa, vikaharibikia jikoni kwetu. Sasa ningesema nini, mke wangu? Kwamba nilivipitisha getini? Ningefukuzwa siku ileile. Imebaki miaka miwili nistaafu. Yeye hana mke, hana mtoto."

"Alisemaje?"

"Aliapa mbele ya msimamizi mkuu. Kisha akanigeukia mimi nimtetee."

"Na wewe?"

"Nikatazama chini."

Nilikuja pale kuomba msamaha kwa kosa la ufagio. Sasa nilikuwa namtazama mume wangu, miaka thelathini ya ndoa, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Eti hana mke, hana mtoto! Kumbe mtu asiye na wa kumlilia ndiye wa kubebeshwa? Nilimwambia hivyo hivyo, macho makavu, bila kupunguza sauti.

"Fanya taratibu," akasema. "Mama, ukienda kusema, tutakula nini?"

"Sijui."

Na kweli sikujua. Lakini nikapiga moyo konde, nikakata katikati ya wapiga picha kuelekea ofisini kwa msimamizi mkuu. Nyuma yangu nilisikia hatua zake kwenye kokoto, zikinifuata. Kisha sikuzisikia tena. Sikugeuka.

Nikabisha hodi.