Sanamu ya Mtoto wa Dobi

Keziah Thrupp, dobi wa kanisa la Aldercombe, alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Dorcas, wa miaka saba. Mwaka ule Honoria, binti wa Bwana Wyvill mwenye ardhi yote ya kijiji, alifariki kwa kifaduro. Mchonga sanamu akaitwa kutoka London amchonge. Picha ya marehemu haikuwapo hata moja. Mchongaji akamwona Dorcas kisimani, akasema umri ni ule ule, akamkalisha siku nne mfululizo akimchora.

Wakati wa mavuno sanamu ya marumaru ikawekwa kanisani chini ya tao la kaskazini, jirani na shujaa wa jiwe aliyevunjika pua karne nyingi nyuma. Mtoto amelala, shavu kiganjani.

"Mama," Dorcas alinong'ona, "mbona wamenilaza na viatu?"

"Shii! Si wewe huyo."

Kijiji kizima kilijua ni yeye.

Majira ya baridi homa ikapita nyumba kwa nyumba. Dorcas hakumaliza wiki. Alizikwa nyuma ya mnara, penye magugu, bila hata kokoto yenye jina.

Tangu hapo, kila Alhamisi alipoleta vitambaa vya altare, Keziah alibaki akiifuta ile sanamu. Mzee Jabez, mtunza kanisa, akamtania: "We mama, utalisugua hilo jiwe mpaka liote nywele?" Keziah alipogeuka, mzee akauona uso wake, akajiondokea kimya.

Alhamisi moja Bibi Wyvill aliingia, akamkuta ameegemeza shavu lake kwenye lile la marumaru.

"Unafanya nini hapo?"

"Nisamehe, Bibi. Nafuta vumbi."

"Kwa shavu?"

Bibi akaketi kwa uzito, kama mtu aliyechoka safari.

"Huyu ni wako. Nilijua tangu siku walipoifunua sanamu. Honoria wangu alikuwa na kidevu kirefu, maskini, kama baba yake. Kila Jumapili namtafuta hapa, simwoni. Na sasa hata nikifumba macho, anayenijia ni huyu wako."

Keziah akapiga moyo konde. "Basi Bibi, si wangeandika na jina lake? Kwa herufi ndogo tu. Hata huku nyuma, kusikoonekana."

Bibi akainuka. "Nitamwambia Bwana."

Alimwambia, na Bwana akakataa katakata. Jumapili iliyofuata Bibi alihamia benchi la nyuma ya nguzo, ambako tao la kaskazini halionekani. Alipoulizwa, alisingizia upepo.

Keziah aliendelea kuja miaka kumi na miwili, mpaka vidole vikapinda kwa baridi yabisi. Aliosha nywele, masikio, viatu. Kusoma hakujua, ila alijua mahali lilipochongwa jina la Honoria, na hapo napo alipapitisha kitambaa, herufi kwa herufi, kwani naye alikuwa mtoto wa mtu.