Neno Alilompa Mkwewe

Askari walimwita Baba Gwaride, kwa kuwa brigedia yule aliweza kusimamisha gwaride zima kwa sababu ya kifungo kimoja kilicholegea. Aliingia jeshini akiwa kuruta mwenye viatu vinavyompwaya, akapanda cheo baada ya cheo, na marais watatu wakapita juu ya kichwa chake. Alimpigia saluti wa kwanza. Akampigia vilevile wa pili, aliyemuua wa kwanza. Wa tatu alipoingia Ikulu kwa vifaru, Baba Gwaride alivaa sare iliyonyooshwa vizuri, akaenda kula kiapo kipya.

"Jeshi ni punda," alizoea kumwambia mkewe. "Punda haulizi mzigo ni wa nani."

"Na fimbo je?" mkewe alimjibu. "Nayo haiulizi?"

Mkwewe hakuwa punda. Alikuwa kapteni, kijana mrefu mwenye kicheko kikubwa, aliyewahi kuwa mpambe wake. Alimbebea mkoba miaka na miaka, mwishowe akabeba na binti wa nyumba. Wakapewa nyumba palepale kambini, ukuta kwa ukuta na familia za askari wa Ikulu.

Siku moja kapteni aliamriwa apeleke askari wake chuoni, wakawapige risasi wanafunzi waliogoma. Aliwapakia kwenye malori, akafika njia panda, akakata kona kuelekea redioni. Walinzi wawili wa lango walijaribu kumzuia, wakafa. Muda si mrefu nchi nzima ikamsikia akitangaza kwamba serikali imekufa, ila yenyewe haijaambiwa.

Rais alimpigia simu Baba Gwaride. "Mkweo huyo. Kamtoe."

Binti alimwahi baba yake akiwa mguu mmoja ndani ya gari. "Baba, nirudishie mume wangu."

"Nitamrudisha, mama."

"Akiwa mzima."

"Akiwa mzima. Nimesema."

Alifika na askari wake mbele ya jengo la redio, akamkuta mkuu wa usalama, ambaye watu walimwita Mpole kwa vile hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Watu wake walikuwa wamejipanga nyuma ya magari.

"Wakitoka bila silaha, hakuna atakayeguswa," Mpole alisema, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. "Una neno langu, Brigedia."

Baba Gwaride alivua bastola, akampa sajini wake, akaingia peke yake. Vipande vya vioo vilivunjika chini ya viatu vyake. Mkwewe alikuwa ameketi sakafuni kwenye chumba cha matangazo, paja limefungwa kwa shati, damu imelowesha zulia.

"Shikamoo, baba. Samahani, siwezi kusimama."

"Marahaba. Mjinga wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenifunga."

"Ningekufunga, ndiyo! Mfungwa hula, hulala, hutembelewa na mkewe." Akachutama mbele yake. "Mtoke. Mpole amenipa neno, nami nakupa langu."

Kapteni alitikisa kichwa. "La Mpole silitaki," alisema. "Lako nalichukua."

Askari wa kapteni walitoka mikono juu, yeye akiegemea bega la baba mkwe wake. Waliamriwa walale kifudifudi kwenye uwanja wa kuegesha magari, nao wakalala. Watu wa Mpole wakapita katikati yao, wakianza na wa mwisho, risasi moja kisogoni kwa kila mmoja.

"Acheni!" Baba Gwaride alifoka. "Nimesema acheni!" Alijirusha juu ya mkwewe. Wanaume wanne wakamvuta kwa mikanda ya sare, na kapteni akauawa akiwa bado ameshika kifundo cha mguu wake.

"Ulitoa neno," alimwambia Mpole.

"Nilitoa. Ulitaka niseme nini? Wasingetoka."

Baba Gwaride alimnyang'anya sajini wake bunduki, akampiga Mpole risasi ya tumbo, na alipoanguka akampiga nyingine usoni. Hapo askari wake, waliokuwa wametazama wenzao wakichinjwa kama kuku, hawakungoja amri. Uwanja ule ukawa machinjio. Magari yalishika moto yakiwa na watu ndani, na kelele zao zilidumu kupita milio ya bunduki.

Kulipotulia, sajini alimuuliza, "Afande, sasa tunakwenda wapi?"

Hakuwa amepanga lolote. Ila aliyemuua Mpole hakuwa na pa kurudi. "Ikulu," alisema.

Walinzi wa Ikulu walipigana. Wengi alikuwa amewafunza yeye mwenyewe, na walipigana jinsi alivyowafundisha; ikabidi wauawe mmoja mmoja, bustanini, ngazini, jikoni. Rais alikutwa kwenye chumba cha kufulia nguo, kajifunika mashuka. Askari walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka akawa hatambuliki. Baba Gwaride alisimama mlangoni, hakunyanyua hata kidole.

Alasiri alimrudisha mkwewe kwa gari lake mwenyewe, amemlaza kiti cha nyuma. Habari zilikuwa zimetangulia. Katika zile nyumba za kambini zilizobanana kilio kilihama mlango hadi mlango. Binti alikuwa nje, akimshikilia jirani yake aliyekuwa akigaagaa chini.

"Mwanangu, wamenidanganya," baba alisema.

Binti aliutazama mwili garini, kisha damu iliyogandia mikononi mwa baba yake. "Na mume wa huyu?" aliuliza. "Naye nani alimdanganya?"



Askari walimkalisha Baba Gwaride kwenye kiti cha Ikulu kwa kuwa kila mwenye cheo alikiogopa. Alitawala vibaya, akimshuku kila mtu, akitia ndani hata rafiki zake. Mwaka haukuisha, kanali mmoja wa vifaru akampindua na kumpiga risasi ukutani.

Watawala wapya walimuuliza binti kama anautaka mwili. "Nileteeni," alisema. "Ni baba yangu."

Mama mkwe wake alikataa katakata azikwe karibu na kaburi la mwanawe kapteni. Binti hakubishana naye. Alimzika baba yake upande wa pili wa makaburi, na jirani yake, yule mjane wa mlinzi wa Ikulu, alikuja akasimama mbali kidogo, akangoja mpaka udongo uliposawazishwa ndipo wakarudi nyumbani pamoja.