Kiatu cha Kushoto cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, Sumie, aliomba kukimbia marathoni ya Osaka miaka saba mfululizo. Nafasi hutolewa kwa bahati nasibu, na kila mwaka alijibiwa kwa heshima nyingi kwamba hapana. Mwaka wa nane, akiwa na miaka sitini na minne, jina likatoka. Akapanda treni kutoka Niigata, akashuka kwetu Jumamosi mchana, siku moja kabla ya mbio, viatu vya mbio tayari viko miguuni.

"Mama, si uviweke hadi kesho?"

"Nikivitia kwenye begi vitaibiwa. Vikiwa mguuni, mwizi itabidi anibebe na mimi."

Mume wangu alikuwa kazini, kwa hiyo kumtembeza mgeni kulikuwa juu yangu, na mwanangu Kanta wa miezi saba mgongoni. Nilitaka tuchukue namba ya kifuani, kisha Mama alale. Namba hupewa mwenyewe tu, na kitambulisho mkononi, na ukumbi hufungwa saa moja jioni. Ukichelewa, hukimbii. Mama akasema saa moja bado iko mbali. Akala vitumbua vya pweza pale mtaa wa Dotonbori, akamwambia muuzaji vina unga kuliko pweza, akaagiza vingine sita. Tukapanda mnara wa Tsutenkaku, akazisugua nyayo za sanamu ya Biliken, kijimungu cha bahati, kama anayesugua sufuria iliyoungua.

"Asiponisaidia," alisema, "angalau ametakata."

Saa kumi tukaingia hekalu moja dogo. Viatu tukaviacha kwenye rafu mlangoni. Mji ulijaa wakimbiaji wanaozurura kama sisi, na nusu yao walivaa viatu vilevile vyeupe vyenye mstari wa waridi, kwa sababu ndivyo vilivyoshushwa bei. Tulipotoka, Mama alivaa, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Cha kulia changu. Hiki cha kushoto sikijui. Mguu unaogelea."

Na cha kushoto ndicho hasa anachokihitaji. Pembeni ya kidole gumba Mama ana kifundo kikubwa kama kitunguu saumu, nami nilikuwa nimemshonea pedi ya pamba ya kukilinda. Miezi mitano amekizoeza kiatu kile.

"Bila hicho, kilomita ya tano nitakuwa nalia," alisema, na sauti haikuwa ya utani.

Nikamtazama Buddha kule ndani. Dhahabu mwili mzima, na miguu peku. Hapo hakuna msaada.

"Tukae hapahapa," nikasema. "Aliyechukua chako akigundua atarudi."

"Tukae tumeshika kiatu cha mtu? Kinakwenda polisi."

Ndivyo tulivyolelewa. Hata mwavuli uliovunjika tunaupeleka polisi. Mama akaazima ndara za hekalu, tukaenda kituo kidogo cha kusini. Afande akakipima kiatu kwa rula, akaandika rangi, akaandika mikwaruzo, akagonga muhuri.

"Kikishagongwa muhuri hakitoki ila kwa mwenyewe," alisema. "Na gari la vitu vilivyookotwa hupita saa kumi na mbili. Likishakichukua, dirisha la kituo kikuu linafunguliwa Jumatatu."

Mbio zilikuwa Jumapili.

Tuliporudi hekaluni, mtawa alikuwa akifagia ngazi.

"Amekuja mama mmoja na kiatu chenu," alisema. "Nikamwambia aniachie. Akasema kitu cha mtu hakiachwi ovyo. Amekipeleka polisi."

"Tumetoka huko, hatukumwona."

"Kaskazini. Kuna kituo kingine."

Laiti mmoja wetu angekuwa mwizi, mambo yangekuwa rahisi.

Saa kumi na moja na nusu. Ukumbi uko bandarini, treni mbili.

"Mama, nenda ukachukue namba. Kiatu niachie mimi."

"Na ndara hizi? Zimeandikwa jina la hekalu."

"Watadhani wewe mtawa. Nenda."

Nilikuwa sijawahi kumwamuru mama mkwe. Akanitazama, akaenda.

Kituo cha kaskazini nilimkuta mama mrefu ameinamia karatasi, amevaa ndara za polisi. Kiatu kilikuwa mezani.

"Afande, hicho ni cha mama mkwe wangu."

"Aje mwenyewe."

"Yuko bandarini."

"Basi Jumatatu."

Yule mama akainua uso. "Samahani sana. Naitwa Ogata, natoka Kumamoto. Kosa ni langu. Hii ni fomu ya tatu, mwandiko wangu haukupendeza kwenye zile mbili."

Mimi nilisoma shule ya jioni, baada ya zamu ya kiwandani, na mwalimu wetu alikuwa na neno moja: soma karatasi mpaka chini, ndipo uogope. Nikaisoma ile fomu kichwa chini miguu juu. Pale mwisho palikuwa peupe.

"Afande, hujagonga muhuri?"

"Bado anaandika anwani."

"Kwa hiyo hujakipokea. Bado kiko kwake."

Afande akaikuna shingo. "Kwa hilo... ndiyo, bado kwake."

"Mama Ogata, weka kalamu chini."

Kuiacha fomu katikati kulimuuma waziwazi. "Nitajuaje ni chenu?"

"Ndani kuna pedi yenye bata wa njano. Nilikata nepi ya huyu." Nikamgeuzia mgongo amwone Kanta.

Akaingiza mkono, akamtoa bata, akamcheka. Akanikabidhi kiatu kwa mikono miwili.

"Na changu?"

"Kituo cha kusini, na muhuri juu. Gari linapita baada ya robo saa."

Akatoka mbio na ndara za polisi. Nilivyoona anavyokata kona, sikumwonea wasiwasi.

Bandarini nilimkuta Mama ameketi ngazini nje ya ukumbi, namba ameshaibana kwenye sweta. Akakichukua kiatu, akapapasa ndani, akavaa, akaenda hatua kumi na kurudi.

"Ni mtu wa namna gani huyo?"

"Kama wewe."

"Maskini." Akamtoa Kanta mgongoni mwangu, akampakata. "Kesho msinisubiri mwisho wa mbio. Pale hata asiye na ndugu anashangiliwa. Simameni kilomita ya thelathini na mbili, penye stesheni ya treni. Hapo ndipo nitakapotaka kurudi nyumbani."

"Tukwambie nini ukipita?"

"Msiniambie kitu. Wewe simama tu kati yangu na stesheni."